Akaunti Moja kwa Mtaa Mzima

Jumatatu, 8 Septemba

Mzigo umeingia. Laptop za mawingu, zile za kutegemea mtandao, zimetumika mashuleni huko Ulaya, zingine bado zina stika za watoto. Moja imegoma kufunguka. Inasema mwenyewe ni shule fulani, niombe ruhusa. Mashine imeolewa hiyo, mume yuko mbali na talaka hajatoa. Nimeiweka pembeni, nitauza kioo.

Zilizobaki safi. Nyepesi, betri inakaa. Ndani hamna kitu, mfumo wenyewe unaishi juu. Zamani nilikuwaga napiga window kwa CD, mashine moja asubuhi nzima, mteja kakaa kwenye stuli ananiangalia kama ndugu wa mgonjwa. Ikaja flashi. Sasa hivi inawaka, unaingiza akaunti, kwisha. Inajitengeneza yenyewe wakati mie nakunywa chai. Mafundi wenzangu hapa Manzese wanalia kazi imekufa. Mie nimebadilika. Nimefika Lubumbashi, nimefika Dubai, nitashindwa na wingu? Form two niliyoishia ilikuwa form two ya nguvu.

Kibao kipya kimekauka: INJINIA HASHIMU, MFALME WA MAWINGU, HAKIPOTEI KITU. Mchoraji alitaka kuweka wingu, likatoka kama kondoo. Nimeliacha. Linavuta wateja.

Mama Asumini, anayekaanga mihogo hapo nje, kaleta sahani kama kila asubuhi, chachandu imemwagika mpaka pembeni. "Mtumwa wangu, kula, wasije wakasema nakutesa." Mie Myao, yeye Mmakonde. Watani toka enzi za mababu. Nikamwambia mtumwa ni babu yake, na alikuwa mvivu. Siku imeanza vizuri.

Jumanne, 9 Septemba

Mwalimu wa Kipawa kaja amevimba. Mlokole yule, hata soda ya rangi anaitilia shaka. Kafungua laptop aliyonunua kwangu mbele ya wanafunzi wake wa tuisheni, ikatokea video ya kigodoro. Kiuno chote, hamna kilichofichwa.

"Fundi, mashine hii ina pepo?"

Nikamwambia mtandao umechanganya madesa. Ukweli naujua. Wateja wangu wengi hawana barua pepe, na laini wanabadilisha kama soksi. Kwa hiyo namfungulia mteja kwa akaunti yangu ya ofisi, namba yangu, nywila yangu. Mafundi wengi huku tunafanya hivyo, toka kwenye simu. Akisahau anakuja, namfungulia, anaondoka anacheka. Wote nimewaweka kwangu, kama mjomba mwenye nyumba kubwa Dar. Sasa ukoo ukijaa chumba kimoja, lazima mtu aone kiuno cha mtu.

Na chumba kimejaa kweli. Akaunti inaleta onyo jekundu, hakuna nafasi. Kununua nafasi ni kila mwezi, na mie si mjinga. Nikapanga vitu kwa ukubwa, nikafuta vinene vyote. Video, sauti ndefu ndefu, vile vyenye majina ya namba tupu. Huko juu ni kopi tu, za asili kila mtu anazo chini kwenye mashine yake. Nafasi haikurudi mpaka nilipomwaga na jalala lao. Nikamwaga.

Onyo likaondoka. Mwalimu kaondoka na pambio mdomoni. Mie noma sana.

Alhamisi, 11 Septemba

Mama Asumini kafunga mihogo mapema, akaja kukaa dukani na mtoto mapajani. Hitma ya mwaka ya mumewe ni Jumapili ya tarehe ishirini na moja. Shemeji zake watatoka Newala.

Nanjota. Mchonga vinyago, banda lake lilikuwa mgongoni kwa duka langu. Nilikuwa nasikia tezo yake kabla sijafungua mlango. Kifua kilimchukua. Asumini ndio kwanza alikuwa anajifunza kusimama. Siku zile za kitandani alimrekodia mtoto sauti kwenye simu, kila akipata pumzi. Simu ilipoanza kufa kioo, ni mie niliyezihamisha. Ni mie niliyemuuzia mama laptop kwa bei niliyonunulia, sikuweka hata shilingi yangu. Nilimwambia simu inaibiwa, mawinguni hakuna mwizi.

Tangu hapo hajazifungua. Anaogopa. Alijiwekea kwamba mwaka ukifika ndio atasikiliza, na mtoto asikie siku hiyo hiyo, mbele ya ndugu za baba yake. Anataka nilete spika kubwa. Na kwa kuwa mie ndio mtani, nisimame nifanye vituko vyangu kwanza, kisha marehemu aongee mwenyewe.

Nikamwambia hata leo nikitaka aongee, anaongea.

Nilisema vile huku nimeshika kibao kwa mkono mmoja. Nilijiona.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimefungua nizipange. Hazipo.

Nimetafuta kwa jina, kwa tarehe, kwa kila kitu. Picha za vinyago zipo. Sauti hamna hata moja.

Zilikuwa na majina ya namba tupu.

Hapana. Zipo chini kwenye mashine yake. Lazima.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimemwomba laptop nikidai naifanyia sevisi kabla ya shughuli. Kanipa na kitambaa chake, kaifunga kama mtoto mchanga.

Nimeifungua peke yangu, mlango nimeurudishia. Tupu. Sasa nimeelewa, na kuelewa kwenyewe kumenitia jasho. Chini hamna asili. Kwenye mashine hizi chini ni dirisha tu, vitu vyenyewe vinakaa juu, na ukivitoa juu vimetoka kwa wote. Ndiyo maana zina uhifadhi mdogo vile. Ndiyo maana ni nyepesi. Mie nimezisifia wepesi miezi yote hii na sijawahi kujiuliza vitu vinakaa wapi.

Mfalme wa mawingu. Pumbavu.

Karudi jioni kuichukua. Kaniuliza ziko sawa? Nikamjibu network leo inasumbua, zinapanda taratibu. Akasema sawa mtumwa wangu, usijichoshe. Kaniwekea na muhogo wa moto kwenye gazeti.

Nimeshindwa kuula. Nimempa paka, naye kaukataa.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimewaandikia wenye mawingu. Kwa Kiingereza, nimeandika mwenyewe, nikaomba please mara kadhaa. Jibu limekuja kabla sijafunga mdomo. Si mtu. Linanishukuru kwa kuwasiliana nao na linanieleza jinsi ya kurudisha vitu kutoka kwenye jalala. Nikalieleza jalala nimemwaga. Likanishukuru tena.

Nimelitukana kwa Kiyao. Likaniuliza kama limenisaidia.

Enzi za mashine za diski ungepata mtu. Kitu kikifutwa kilikuwa kimelala mle mle ndani ya chuma, nilikuwaga nakifukua kwa programu, nalipwa, naitwa daktari. Nimefukua harusi za watu. Nimefukua tasnifu ya mtu wa chuo, mama yake akanibusu mkono. Sasa chuma chenyewe kiko nchi gani sijui, na sina koleo la kufika huko.

Mpaka leo nilikuwa najisifu tumeendelea.

Jumanne, 16 Septemba

Nimekumbuka simu! Ile ya zamani ya Nanjota, iliyokufa kioo. Niliichukua nikampa fundi simu mmoja wa Chang'ombe, achomoe spea. Huenda hakuigusa.

Nimefunga duka nikaenda. Njia nzima naomba, mie ambaye Ijumaa ya mwisho kuingia msikitini hata siikumbuki. Fundi kanipokea kwa shangwe, "Injinia mwenyewe!", kaniwekea kiti. Simu anaikumbuka. Kioo aliweka kipya, akaiflash, vya ndani vyote vikafutika, ikawa kama mpya, akamuuzia dada mmoja. Kaniuliza vipi, kulikuwa na kitu cha maana?

Nikamwambia hapana, nilikuwa napita tu.

Kwa nini nimemwambia hapana? Hata kwa mtu asiyenijua kwa undani naona aibu. Nimetembea kwa miguu mpaka viwandani huko, napishana na malori, najisemesha peke yangu.

Sauti moja niliwahi kuisikiliza siku zinapanda. Anamweleza mtoto habari za mpingo. "Bibie, gogo usilipige kwanza. Lizunguke. Lisalimie." Kisha anakohoa, kisha anakicheka kile kikohozi. Nilitabasamu, nikaendelea kunywa chai.

Jumatano, 17 Septemba

Leo nimemwambia.

Nimekwenda kwenye karai lake saa za wateja kupungua. Nikasema: Mama Asumini, sauti za baba Asumini nimezifuta. Zimepotea, hazirudi. Nisamehe.

Akanitazama. Akaangua kicheko mpaka akashika kiuno, na yule dada anayenunuaga mihogo ya ofisini kwao akacheka naye.

"Huyu! Mwaka jana kalala juu ya jeneza anadai hatuziki mpaka apewe kuku. Mwaka huu kaja na hii. Mtumwa wangu, Mungu anakuona."

Nikamwambia si utani. Ndio akazidi kucheka. Alisema ninavyokunja uso leo nimepita kiwango, nimtunzie mengine ya Jumapili.

Nikacheka.

Naandika tena ili nilione: nikacheka. Mdomo ulicheka wenyewe, umezoea. Miaka yote nimemwaga utani kama maji, leo nimetaka kuaminiwa kwa dakika moja tu, sina cha kuweka mezani. Mtani haaminiki, hakasirikiwi, hapigwi. Nilidhani hiyo ni raha.

Ijumaa, 19 Septemba

Shemeji wamefika. Mkubwa wao, Mzee Hassani, kaja dukani kunisalimia. Nikampa shikamoo. Marahaba yake ni ya Nanjota mtupu, ile ya kupandia mwishoni.

Alifurahia kibao. Alilicheka lile wingu. Kaniambia nyumbani Newala mama yao yupo, macho hayaoni tena, amewatuma wamrekodie mwanawe akiongea wampelekee. "Sasa wewe ndio umetutunzia ndugu yetu, Myao. Ajabu hii."

Sikumwambia. Nilisema karibu mzee, nikamnunulia soda.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimewaita wateja wote ninaoweza kuwapata. Namfungulia kila mtu akaunti yake, bure. Mwalimu wa Kipawa kanishukuru, kasema atanikumbuka kwenye maombi. Nimemwambia aombe sana.

Spika nimeijaribu. Inapiga vizuri.

Jumatatu, 22 Septemba

Jana sikuweza kuandika.

Turubai lilijaa. Walisoma, ubani ukapita, dua ikapigwa, watu wakala pilau. Mie nimekaa karibu na spika kama mtu anayelinda maiti. Kisha Mzee Hassani akapaza sauti, "Mtani yuko wapi?" Wanawake upande wao wakapiga vigelegele. Nikasimama. Wanajua ninavyoanza. Natembea kama Nanjota, bega moja chini, nachukua mwiko kama tezo, namuigiza anavyobishana na mnunuzi. Mazikoni mwaka jana walilia kwa kucheka, hata Mama Asumini.

Nikasema: sauti hamna. Nimezifuta mie, kwa ujuaji wangu. Mashine sikuijua.

Kicheko cha turubai zima. Mzee Hassani akasema, "Anataka kulipwa huyo! Wayao bila hela hawasemi ukweli." Watu wakanirushia sarafu, kama desturi. Moja ilinigonga kifuani. Mtu wa nyuma akapiga kelele: muigize basi, sauti yake si unayo wewe!

Na ningeweza. Hilo ndilo linaloniuma. Sauti yake ilikuwa hapa kooni, imekaa tayari, na kikohozi chake na kicheko chake. Ningesema "Bibie, gogo usilipige kwanza," turubai lingeanguka kwa kicheko. Asumini alikuwa amesimama mbele yangu, mchele shavuni, anasubiri. Mama yake alishamwambia leo atamsikia baba.

Mtoto angenisikia mie, akaondoka akijua amemsikia baba yake. Angekua na hiyo.

Nikafunga mdomo. Sikufanya kitu. Nimesimama tu, mikono inaning'inia, sarafu miguuni. Wakaendelea kucheka kidogo, wakisubiri. Kisha kicheko kikaanza kupungua kama mvua inayohama. Aliyenyamaza wa kwanza ni Mama Asumini. Alikuwa ananiangalia usoni. Nadhani hakuna mtu katika mtaa huu aliyewahi kuniona nimekosa neno.

Aliweka sahani chini. Akauliza taratibu, "Hashimu?"

Jina langu. Hajawahi kulitaja.

Nikasema ndiyo.

Hakulia. Alimnyanyua mtoto akaingia naye ndani. Asumini alikuwa anauliza baba anaongea saa ngapi. Niliusikia mlango ukifungwa.

Mzee Hassani akasimama. Akasema, "Toa spika yako, mtani." Hakuna aliyenisaidia kuibeba. Na hakuna aliyenitukana, ndiyo desturi, hawawezi. Ningefurahi mtu anitukane.

Jumanne, 23 Septemba

Karai halikubandikwa leo. Shemeji wamerudi Newala. Mama yao atapelekewa nini?

Nimepaka rangi mstari wa mwisho wa kibao. Umefutika vibaya, bado unasomeka.

Jumatano, 24 Septemba

Karai halikubandikwa.

Wateja wawili. Mmoja kaniuliza hizi laptop, vitu vinakaa wapi. Nimemweleza mpaka mwisho, nimemchorea kwenye karatasi. Nikamwambia cha thamani aweke na kwenye flashi, aifungie kabatini. Kaniambia fundi, leo umenishauri kama mtu mzima. Hakununua.

Alhamisi, 25 Septemba

Kaja asubuhi, kabla ya wateja. Mtoto mgongoni, laptop kwenye kitambaa chake kile kile. Kaiweka juu ya meza.

"Nifungulie ya kwangu. Namba yangu."

Nikaitoa akaunti yangu, nikaanza upya. Mashine iliwaka nyeupe, safi, kama haijawahi kujua mtu. Nikaandika jina lake anavyonitajia, Somoe. Tulipofika kwenye nywila nikasogeza vidole, mazoea. Akaniwekea mkono juu ya meza.

"Geuka huko."

Nikageukia ukutani. Kuna kalenda na ile mashine iliyoolewa. Nikasikia herufi zinabonyezwa moja moja, pole pole, anatafuta kila moja. Ilikuwa nywila ndefu. Asumini alikuwa anaimba kitu mgongoni. Niliposikia kimya sikugeuka mpaka aliposema tayari.

Kafungua sehemu ya kurekodi, kaniuliza inabonyezwa wapi. Nikamwonyesha. Kaninyanyulia mkono kwamba basi, kaifunga, kaondoka. Atakachorekodi na nani, mie si wa kujua.

Baadaye nikasikia mafuta yanachemka. Harufu ikaingia dukani. Nikakaa. Sahani haikuja, na sikuitegemea.

Saa nne nikatoka nikapanga foleni. Mbele yangu kulikuwa na makonda wawili na yule dada wa ofisini. Wakanipisha, Injinia pita. Nikasema hapana, nasubiri. Ilipofika zamu yangu akanifungia mihogo kwenye gazeti, akashika kijiko, akaniuliza kama anavyomuuliza kila mteja.

"Na chachandu?"

Anajua sili bila chachandu. Hakuniita mtumwa.

Nikajibu, "Ndiyo, dada. Asante."